Nairobi hadi New York: Kilomita Ni Zile Zile, Saa Si Zile Zile

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu safari moja: ile ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, ambayo Kenya Airways iliianza tarehe 28 Oktoba 2018. Tumezijibu pamoja, kwa sababu jibu la moja mara nyingi ndilo mlango wa nyingine.

Nimetafuta umbali wa Nairobi hadi New York nikapata namba tatu: 11,840, 7,355 na 6,390. Ipi ya kweli? Halafu nikipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, njia inapita Nigeria. Mwanangu anashikilia kwamba ndege hupita Moroko. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Eldoret

Namba zote tatu ni za kweli. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za kawaida, ya tatu ni maili za baharini ambazo marubani huzitumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Umbali huo hupimwa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK), ndiyo maana tovuti nyingine inayopima katikati ya mji hadi katikati ya mji inaweza kukupa kilomita kumi au ishirini pungufu au zaidi.

Kuhusu njia, mwanao ameshinda. Ramani ya ukutani ni ngozi ya chungwa iliyonyooshwa kwa nguvu juu ya meza, na mstari ulionyooka juu yake haunyooki duniani. Chukua tufe la darasani, shika uzi kwenye Nairobi, uvute mpaka New York na uukaze. Utaona uzi unakimbilia kaskazini-magharibi tangu mwanzo: unapita karibu kabisa na kwenu Eldoret, unagusa Mlima Elgon, unakata kaskazini mwa Uganda karibu na Gulu, kisha Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, Aljeria na Moroko. Ukiingia Atlantiki unapita juu ya visiwa vya Azores, unapanda hadi kwenye latitudo ya digrii 42 na ushei, yaani kaskazini zaidi ya New York yenyewe, ndipo unashuka na kuufikia mji kutoka upande wa mashariki. Mstari wako wa rula, ule wa Kamerun, Nigeria, Burkina Faso na Mauritania, una urefu wa kilomita 12,190 hivi. Umezidi kwa 350.

Jambo ambalo wengi huwashangaza ni hili: kutoka Nairobi hadi ufuo wa Moroko ni kama kilomita 6,100. Zaidi ya nusu ya safari ya kwenda Marekani ungali juu ya Afrika.

Usitarajie lakini kwamba ndege itaufuata uzi huo sawasawa. Anga ina wenyewe. Vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria. Niger nayo ilifunga yake mwezi Agosti mwaka huohuo baada ya mapinduzi, ikaifungua mwezi uliofuata. Mawingu makubwa ya mvua ya Afrika ya Kati hukwepwa, na juu ya Atlantiki njia huchaguliwa kwa kufuata upepo wa siku hiyo. Kilomita mia mbili au tatu kuongezeka si jambo la ajabu. Ukitaka kupima njia nyingine yoyote mwenyewe, fungua Google Earth, chagua rula, bofya uwanja wa kwanza kisha wa pili: programu hiyo hupima juu ya tufe.

Mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14 na nusu? Umbali si ni uleule? — Msomaji, Thika

Umbali ni uleule ardhini, lakini ndege haisafiri ardhini. Inasafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea.

Ndege inayotumika, Boeing 787-8, huenda kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa ikipimwa dhidi ya hewa inayoizunguka. Hewa hiyo ikienda kinyume chake kwa kilomita 100, ardhini inasonga 800 tu. Ikiisukuma kutoka nyuma kwa 100, inasonga 1,000. Kwenye latitudo za New York na Ulaya, katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na wakati wa baridi ya kule hupita kilomita 200 kwa saa. Kwa hiyo nusu ya pili ya safari ya kwenda ni upepo wa mbisho, kama wanavyousema manahodha wa majahazi. Kurudi, upepo huohuo unakuja kutoka shetri. Wazee wetu waliopanda na kusi na kushuka na kaskazi wasingehitaji maelezo marefu hapa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua njia halisi ya kilomita 12,200. Ukikadiria upepo wa mbisho wa wastani wa kilomita 50 kwa saa kwa safari nzima, kasi ya ardhini ni 850 na muda wa angani ni saa 14 na dakika 20. Ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua, nawe unakaribia sana saa 15. Kurudi, weka upepo wa nyuma wa kilomita 30: unapata saa 13 na dakika 7 angani. Mbona basi ratiba inasema 14 na nusu? Kwa sababu muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege iondoke langoni hadi isimame langoni, na foleni ya kupaa ya JFK si ya kuchezea. Kampuni huweka akiba. Ndiyo maana mara nyingine rubani anatangaza kuwa mtafika mapema ingawa mmechelewa kuondoka. Hajaongeza mwendo, ameitumia ile akiba.

Mwalimu wetu alisema dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa pale ikweta. Basi ndege inayokwenda magharibi si ingekaa tu hewani New York ije yenyewe? — Mwanafunzi, Morogoro

Ingekuwa hivyo kama hewa ingebaki nyuma. Haibaki, inazunguka pamoja na ardhi. Ukiwa ndani ya treni ya SGR inayokwenda kilomita 160 kwa saa, rusha karanga juu uidake: inarudi mkononi mwako, haikimbilii behewa la nyuma. Ndege nayo ikipaa Nairobi tayari inao ule mwendo wa mashariki, kama wewe uliyesimama chini unavyoupata bila kujua.

Lakini swali lako lina chembe ya ukweli ambayo hatutaki ipotee. Ardhi ya New York, kwa kuwa iko mbali na ikweta, inazunguka kwa kilomita 1,270 tu kwa saa hivi. Hewa yenye joto inapopanda karibu na ikweta na kusafiri kuelekea kaskazini, inafika mahali ambapo ardhi inakwenda polepole kuliko yenyewe, ikaitangulia kuelekea mashariki. Msuguano na mchanganyiko wa hewa huipunguza sana, ila kinachobaki ni sehemu ya upepo uleule wa magharibi tuliomweleza msomaji wa Thika. Kwa hiyo mzunguko wa dunia unamchelewesha abiria wa New York kweli, ila kupitia upepo.

Tiketi ya shangazi iliandikwa 00:30 tarehe 14. Tulimpeleka uwanjani usiku wa tarehe 14, tukaambiwa ndege iliondoka jana. Tulikosea wapi? — Msomaji, Mombasa

Poleni sana. Kosa hili ndilo ghali kuliko yote katika ukurasa huu, na chanzo chake ni kwamba katika mazungumzo usiku mzima tunauhesabu pamoja na mchana uliotangulia, na saa zetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza na tena tangu kuchwa, ilhali tiketi hubadilisha tarehe saa sita kamili usiku. 00:30 ya tarehe 14 ni saa sita na nusu ya usiku ule ambao nyumbani mngeuita usiku wa kuamkia tarehe 14. Shangazi alipaswa kufika uwanjani saa tatu usiku, tarehe 13.

Kanuni: tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 03:59, mfuko ufungwe siku iliyotangulia. Ili kupata saa ya Kiswahili, ondoa 6; ikiwa ni kabla ya 07:00, ongeza 6 badala yake. Basi 23:25 inakuwa 17:25. Ondoa tena 12, ni saa tano na dakika 25 usiku. Na 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mkimwandikia mtu mzima ujumbe wa simu, andikeni siku kwa jina, saa kwa Kiswahili na saa ilivyoandikwa kwenye tiketi pamoja, visomwe vyote vitatu.

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8, isipokuwa kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele na tofauti kuwa 7. Kwa mfano, katika ratiba ya kwanza ya mwaka 2018 ndege iliondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25. Ongeza 8 kwenye saa ya kufika upate 14:25 ya Nairobi: kutoka 23:25 hadi hapo ni saa 15. Kurudi iliondoka 12:25, yaani 20:25 ya Nairobi, ikafika 10:55 kesho yake: saa 14 na nusu. Hesabu hiyo hufanya kazi kwa tiketi yoyote ya dunia.

Kwa nini safari ndefu kama hii huondoka Nairobi usiku? Ni kwa ajili ya abiria walale? — Msomaji, Nakuru

Usingizi ni faida ya pembeni. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyembamba. Jua la mchana likiipasha moto inakuwa nyembamba zaidi. Hewa nyembamba haiinui bawa vizuri, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Ndege hii hubeba mafuta ya tani 85 hivi kwa kila upande wa safari, kwa hesabu iliyotolewa na kampuni yenyewe wakati wa uzinduzi, na uzito wote unaoruhusiwa kupaa nao ni tani 228. Zaidi ya theluthi ya uzito ni mafuta. Usiku hewa ikipoa, ndege hiyohiyo kwenye barabara hiyohiyo inaweza kupaa na tani kadhaa zaidi. Hata hivyo kuna siku mzigo hupunguzwa au viti vikaachwa vitupu makusudi. Ukisikia ndege ina nafasi lakini haiuzwi, sababu huenda ni hiyo.

Niko Dar es Salaam. Kwenda New York, ni bora nipitie Nairobi, Ulaya au Ghuba? — Msomaji, Tabata

Kwa kilomita, Nairobi haina mpinzani. Dar hadi New York kwa uzi wa tufe ni kilomita 12,440, na ukipitia Nairobi ni 12,500. Umepotoka kwa 60 tu, kama Dar na Bagamoyo.

Sasa linganisha kutoka Nairobi. Kupitia Amsterdam ni 6,680 jumlisha 5,850, jumla 12,530. Umezidisha kilomita 690 juu ya njia ya moja kwa moja, yaani chini ya saa moja ya kuruka. Kupitia Doha ni 3,350 jumlisha 10,770, jumla 14,120; hapo umeongeza 2,280, saa mbili na nusu za kukaa kwenye kiti, kabla hujahesabu kusubiri. Sababu inaonekana kwenye tufe: Ulaya iko karibu na uzi, Ghuba iko nyuma ya mgongo wako. Unaelekea mashariki ili ufike magharibi.

Lakini kilomita si kila kitu. Njia ya Ghuba mara nyingi huwa na nauli nafuu, na kuna wanaopenda kushuka kunyoosha miguu. Ulaya ina mtego wake: pasipoti ya Tanzania inaweza kudai viza ya kupitia katika baadhi ya nchi, na sharti hilo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Liulize kabla ya kulipa. Sisi kwa mtu mzima au mwenye watoto wadogo tungechagua Nairobi, tiketi moja tangu Dar, ili ndege ya kwanza ikichelewa kampuni ibebe dhamana ya kukupatia nyingine. Ukikata tiketi mbili mbalimbali, ya pili ikikupita ni hasara yako.

Ndege ya injini mbili juu ya bahari kubwa hivyo! Moja ikizima? — Msomaji, Kisumu

Inaendelea na moja, ikishuka kimo na kupunguza mwendo, hadi uwanja wa karibu. Njia hupangwa kabla ya kupaa ili kila mahali pawe na uwanja wa kukimbilia ndani ya muda uliowekwa. Mamlaka ya anga ya Marekani iliiruhusu Boeing 787 mwaka 2014 kupangiwa njia ya hadi dakika 330 kutoka uwanja kama huo, kwa kampuni iliyoidhinishwa. Njia hii haihitaji nyingi hivyo: kuna Lajes kule Azores, kuna viwanja vya mashariki mwa Kanada kama St. John's na Halifax, na kuna Bermuda kusini. Kwa injini moja, dakika 180 zinatosha kuvuka zaidi ya kilomita 2,000.

Mama ananiletea viungo vya pilau, samaki mkavu na pawabanki. Vitapita? — Msomaji wa Zanzibar aliyeko New Jersey

Pawabanki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linalokwenda chini, kwa sababu betri ikishika moto huko hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida bila ruhusa maalumu ni wati-saa 100. Zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni 74, inapita, ya 30,000 ni 111, iache nyumbani. Ikiwa maandishi yamefutika kwenye mwili wake, mkaguzi ana haki ya kuichukua.

Viungo vya unga ni kinyume: viweke kwenye sanduku la chini. Tangu Juni 2018, unga wa mililita 350 au zaidi kwenye mkoba wa ndani, kwa safari za kwenda Marekani, hukaguliwa zaidi na unaweza kuzuiwa. Samaki mkavu kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida huruhusiwa; nyama, mbichi au ya kukausha, mwambie mama asijisumbue. Kilicho muhimu ni kutangaza kila chakula forodhani. Aliyetangaza kitu kisichoruhusiwa hunyang'anywa tu. Aliyeficha hutozwa faini.

Mwisho wa safari yangu ni Minneapolis. Nimepewa saa moja na nusu ya kubadilisha ndege New York. Inatosha? — Msomaji, Garissa

Haitoshi. Unapofika unapita uhamiaji hapohapo New York, unachukua masanduku yako mwenyewe hata kama yameandikwa Minneapolis, unapita forodha, unayakabidhi upya, kisha unakaguliwa tena kama abiria mpya. Omba saa tatu, nne ukiwa unaingia kwa mara ya kwanza na viza ya uhamiaji, kwa sababu nyaraka zako huweza kushughulikiwa kwenye chumba cha pembeni na foleni yake haina huruma. Tazama pia jina la uwanja wa ndege ya pili. New York ina JFK na LaGuardia, na tiketi nyingine hukupeleka Newark, ng'ambo ya mji, jimbo la New Jersey. Ukiona EWR, yaani Newark, baada ya JFK kwenye tiketi, ujue kuna safari ya barabara katikati, na msongamano wa huko unashindana na wa Nairobi.

Nikisafiri Ramadhani, nifuturu kwa saa ya wapi? — Msomaji, Lamu

Ya fikihi ni ya shehe wako. Sisi tutakupa ya jua tu. Katika kimo cha kilomita 11 upeo wa macho unashuka zaidi ya digrii 3, hivyo jua unaloliona dirishani huchwa takriban dakika 13 baada ya kuchwa kwa walio chini yako karibu na ikweta, na zaidi ya hapo ukiwa kaskazini. Ukielekea New York usiku hilo halikuhusu sana: miezi ya baridi usiku mmoja hukuandama tangu Nairobi mpaka kutua, karibu saa 20 bila jua. Kurudi ndiko kwa kuangalia. Unaondoka mchana ukilikimbilia giza, na magharibi hukukuta juu ya Atlantiki mapema kuliko saa yako ya mkononi inavyokuambia. Mwombe mhudumu akuwekee chakula chako kabla taa hazijazimwa.